Kurudisha vitabu vya umoja wetu wa Kangemi, 2016 hadi 2025

Januari 2025

Kwa wale hawatujui, umoja wetu ni wa wenye maduka na vibanda vya kichochoro kimoja hapa Kangemi, Nairobi, ukiacha Waiyaki Way unaingia ndani kuelekea soko. Saa hii tuko 36. Kuna kinyozi, mafundi wa viatu, hardwea mbili, saluni, posho mili, watu wa chipo, watu wa simu, mama mboga kadhaa. Tuna cheti cha kikundi cha kijamii chini ya ile sheria ya 2022, inayotaka watu 10 kwenda juu, tuna katiba ya kurasa nne, tuna akaunti ya benki yenye sahihi tatu. Kwa karatasi tuko sawa kabisa.

Shida ilitokea kwa mkutano mkuu wa Desemba. Mama wa saluni aliinuka akauliza hivi, benki kuna kama laki nne, lakini kila mtu hapa akitoa kadi yake ya akiba tujumlishe inapita milioni, hizo zingine ziko wapi? Mtu akasema ziko kwa mikopo, watu wakapiga makofi, soda zikaletwa. Lakini mikopo yenyewe haifiki laki tano na hiyo kila mtu anajua. Kwa hivyo waliponichagua mweka hazina siku hiyo hiyo nikasema sawa, nitashika, lakini kwanza narudi nyuma hadi 2016 nijue kila shilingi iliingia kama nini na ikatoka kama nini, na nitakuwa naandika hapa nikiendelea ndio mtu asingoje Desemba ingine kusikia.

Nimekabidhiwa kauntabuku tatu, mkebe wa biskuti umejaa risiti, bahasha ya sitetimenti za benki na laini ya simu ya umoja. Risiti nyingi za tokeni za stima zimefifia, zile karatasi laini za mashine zikikaa kwa joto zinakuwa nyeupe tu. Zile bado zina wino nimezipiga picha.

Februari

Niseme mapema kwa sababu grupu ya WhatsApp imeanza midomo: mzee aliyekuwa anashika vitabu kabla yangu hakuiba. Nimejumlisha mwezi kwa mwezi, iliyoingia toa iliyotoka, na salio lake linakubaliana na benki pamoja na mkebe karibu kila mwezi kwa miaka tisa. Tofauti kubwa nimepata ni shilingi 350 na pembeni ameandika "sukari ya mgeni". Mzee anashona viatu, na mwandiko wake ni mdogo umelala upande mmoja kama mshono wake. Wangapi hapa wanaweza kuweka hesabu miaka tisa bila kulipwa hata nauli?

Sasa kama hesabu inafunga, pesa ilienda wapi. Fungua ukurasa wowote, kuna safu ya "ingia" na safu ya "toka". Kwa ingia unapata jina la mtu na 1,700. Hiyo 1,700 ni nini? Ukimuuliza mzee anakumbuka: 1,000 ya akiba, 400 ya huduma (yaani mlinzi, taka na taa za kichochoro), 100 ya dharura, na 200 ni riba ya mkopo. Zote mstari mmoja. Halafu kwa toka unapata mlinzi 12,000. Amelipwa kutoka kwa zile 400 za watu ama kutoka kwa zile 1,000 zao? Kitabu hakijui. Kinajua tu pesa ilikuwepo na mlinzi akalipwa.

Kitabu cha namna hiyo kinashika mwizi vizuri sana lakini hakiwezi kukwambia pesa iliyobaki ni ya nani. Akiba ya mwanachama ni deni, umoja unadaiwa, siku yoyote mtu akihama anakuja na kadi yake anataka pesa zake. Ya huduma ndio ya umoja, hiyo ikiliwa imeliwa na hakuna wa kuidai. Ukizichanganya mfuko utaonekana umejaa bora tu watu wanaendelea kuweka akiba, na sisi tumeendelea kuweka kwa sababu ya ile ndoto ya kununua ploti pamoja huko Kamulu ambayo haijawahi kufika hata kwa kuangaliwa.

Basi kazi yenyewe ni kupasua kila mstari vipande vinne. Naanza na kadi za akiba kwa sababu zile ziliwekwa sahihi kila mtu akilipa, natoa akiba, natoa riba kwa kuangalia daftari la mikopo, kinachobaki ni huduma na dharura. Naweka kwa Excel usiku nikifunga duka. Kadi mbili zimefuliwa ndani ya suruali, hao wenyewe tumekubaliana na mzee kwa kumbukumbu na wakaweka sahihi upya.

Machi

Nimemaliza 2016 hadi 2019. Miaka rahisi kwa hesabu, ngumu kwa ushahidi, kila kitu kilikuwa noti mkononi.

Tulianza watu 24 na mwanzo ilikuwa mlinzi tu, baada ya hardwea moja kuvunjwa. Akiba ilikuja kama wazo la pili na mikopo ikafuata. Hapa kuna kitu kimenishangaza. Miezi ya kwanza mikopo yetu ni ya elfu mbili, elfu tatu, pesa ya kuongeza stoki. Kufika 2017 inaanza kuwa ya elfu kumi na tano, ishirini. Nilidhani watu walipanuka kibiashara, mzee akacheka akaniambia nikumbuke ile sheria ya riba. Ni kweli, Septemba 2016 benki zilizuiwa kutoza zaidi ya pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu, na badala ya mtu mdogo kupata mkopo wa bei rahisi benki zikaona afadhali kukopesha serikali kuliko kukopesha mama mboga. Waliokuwa wanapata kamkopo benki wakarudi kwetu, na sisi tunatoza kumi kwa mia kwa mwezi! Wakalipa bila kelele, mlango mwingine haukuwepo. Sheria ilikuja kuondolewa Novemba 2019 lakini kufika hapo watu walikuwa wamezoea kukopa kichochoroni.

2017 Agosti hadi Oktoba ni mashimo tu, majina bila namba. Uchaguzi Agosti 8, Mahakama ya Juu ikaufuta Septemba 1, ukarudiwa Oktoba 26, na katikati hapo maduka yalikuwa yanafungua siku zingine na kufunga zingine. Mlinzi alilipwa miezi yote mitatu. Kwa pesa gani? Ya akiba, sasa tunajua.

Ukurasa nimependa kuliko zote ni wa Septemba 2019. Mnakumbuka Siku ya Madaraka ya mwaka huo, Juni 1, Benki Kuu ilitangaza noti mpya, na ile ya elfu ya zamani ikapewa mwisho Septemba 30. Mwezi wa kawaida marejesho ya mikopo yalikuwa kama 40,000. Septemba hiyo ni 148,000! Wadaiwa waliokuwa wanamzungusha mzee tangu Krismasi wakaja wenyewe, asubuhi, na tabasamu. Pembeni ya karibu kila mstari mzee ameweka kaherufi "z", yaani noti za zamani, ndio akumbuke kuzikimbiza benki kabla hazijageuka karatasi. Kuna mmoja alilipa mkopo ambao hakuuchukua yeye, alikuwa amemdhamini shemeji, akalipa wote akasema shemeji atamrudishia na noti mpya. Kama kungekuwa na noti mpya kila mwaka huu umoja haungekuwa na deni sugu hata moja.

Upungufu wa huduma hapa si wa kutisha, 2016 hadi 2018 ni 41,000 kwa pamoja, na 2019 peke yake 38,000. Riba za mikopo ziliufunika na hakuna aliyeuona.

Aprili

2020. Nilijua itakuwa mbaya, nikaiacha hadi wikendi ya Pasaka wakati duka limetulia.

Kafyu ya corona ilianza Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi, na Aprili Nairobi ikafungwa hakuna kuingia wala kutoka hadi Julai. Mtu wa chipo moto wake unawaka saa kumi na moja jioni akingoja watu watoke kazi. Saa kumi na mbili anafungashwa na polisi. Saluni mteja hataki kushikwa kichwa. Huduma ilikuwa 400 kwa mwezi, tulikuwa 41, kwa hivyo mwaka mzima ingefaa kuingia kama 196,800. Iliingia 53,000. Gharama zikabaki pale pale, mlinzi 12,000, taka 2,500, taa 1,500, jumla 192,000 kwa mwaka. Upungufu 139,000 mwaka mmoja.

Kuna mtu kwa grupu ameuliza kwa nini mlinzi hakusimamishwa. Minits zipo, ni karatasi moja, waliongea kwa simu na wakakubaliana kwamba duka likifungwa jioni na mwenyewe hawezi kurudi kuangalia ndipo mlinzi anahitajika zaidi. Hakuna duka lilivunjwa mwaka huo. Mimi naona walifanya uamuzi mzuri, kitu kilikosekana ni mtu wa kuandika kwamba uamuzi huo unalipwa na akiba za wenyewe.

Upande mwingine, 2020 ndio mwaka vitabu vinaanza kuwa na ushahidi. Machi hiyo ada ya kutuma M-Pesa iliondolewa kwa kiasi chochote hadi elfu moja, na ikakaa hivyo hadi mwisho wa Desemba. Huduma ni 400, iko chini ya elfu, na hakuna mtu alitaka kushika noti ya mwingine. Kwa hivyo hata wale wachache waliokuwa wanalipa walianza kutuma, na mzee, Mungu ambariki, aliprinti sitetimenti ya laini ya umoja kila mwaka akaiweka kwa bahasha. Ada zilirudi 2021 lakini karibu nusu ya watu walishazoea kutuma, na wengine wote mzee alikuwa anaandika jina na tarehe kwa mpangilio wa sitetimenti. Kuanzia hapo najua nani amelipa huduma na nani hajalipa, mwezi kwa mwezi. Kabla ya hapo ni neno la mtu tu.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Huduma iliongezwa ikawa 500 mwaka wa 2021 tukiwa 41, na hesabu ilifunga, ingawa kwa karatasi tu. Halafu watu wakaanza kupungua, wengine walifunga, wengine wakarudi mashambani, na gharama zikaenda upande ule mwingine. 2023 ushuru wa mafuta ulitoka 8 ukaenda 16 kwa mia, nauli ikapanda, mlinzi akaomba kuongezwa akaongezwa, mtu wa taka naye. Upungufu: 2021 ni 112,000, 2022 ni 84,000, 2023 ni 91,000, 2024 ni 82,000.

Hiyo ya 2024 ikanifanya nisimame kidogo. Gharama ni 20,000 kwa mwezi (mlinzi 15,000, taka 3,000, taa 2,000). Sisi ni 36 mara 500, ni 18,000. Yaani hata kila mtu alipe bila kukosa, tunapungukiwa 2,000 kila mwezi. Hakuna faini wala kelele ya mwenyekiti inaweza kuziba hiyo. Na kila mkutano tulikuwa tunagombana juu ya wasiolipa.

Mei

Jibu la mama wa saluni liko tayari, nalimwaga hapa.

Mwisho wa Desemba 2024 umoja ulikuwa unadaiwa na wanachama akiba 1,214,500. Mfuko wa dharura ulistahili kuwa na 96,000. Jumla ya madeni yetu ni 1,310,500. Tulichonacho: benki 402,300, laini ya simu 18,650, mikopo iliyo nje 498,000. Jumla 918,950. Pengo ni 391,550.

Limetoka wapi? Upungufu wa huduma kwa miaka tisa ni 587,000. Ongeza 72,550 za makato ya benki, cheti, soda na chapati za mikutano, na ile mistari miwili mitatu ya "kuona kanjo" (askari wa kaunti) ambayo sitaifafanua hapa. Toa 268,000 za riba na faini tulizopata. Inabaki 391,550. Nilipoona zimekutana hadi shilingi ya mwisho nilifunga laptopu nikaenda kunywa chai, kwa sababu hesabu ya miaka tisa ikifunga hivyo mtu anajishuku. Nikarudia na katibu akiwa hapo. Imefunga.

Kwa lugha ya kichochoro: faida ya mikopo yote tuliyowahi kutoa imemlipa mlinzi, na haikutosha, tukamwongezea kutoka kwa akiba.

Nimemwonyesha mzee wa zamani kabla ya kupeleka kwa kamati, niliona ndio heshima. Alinyamaza sana, akavua miwani, akaniuliza, "Kwa hivyo mimi nilikuwa nalipa mlinzi kwa pesa ya ploti?" Nikamwambia mzee, sisi wote tulikuwa tunalipa, wewe ulikuwa unaandika.

Juni

Mkutano maalumu ulipangwa mwisho wa mwezi, umesukumwa. Juni 25 hakuna aliyefungua, ilikuwa kumbukumbu ya maandamano ya Juni 25 mwaka jana, watu wakaandamana tena na mjini maduka yakavunjwa, watu wakaona afadhali wakae karibu na mali yao. Katibu amesema tungoje Saba Saba, yaani Julai 7, ipite.

Katika kungoja nimeingia kwa mikopo. Kati ya ile 498,000, kuna 171,000 ambayo haijasogea tangu 2020. Ni ya watu watano. Mmoja alifariki, wawili walirudi nyumbani magharibi, wawili wako hapa hapa na wanasalimia vizuri. Ukiangalia kadi zao, kwa pamoja wana akiba ya 118,000 kwetu. Yaani tunawadai huku wakitudai, na vitabu viwili havijawahi kukaa meza moja. Nikikata akiba kwa deni inabaki 53,000, na hiyo kusema ukweli siioni ikirudi. Kwa familia ya marehemu, akiba yake inapita deni lake kwa kidogo, tumewapigia simu tuwarudishie hiyo ziada. Mama yake alidhani tunadai. (Hiyo ziada nimeshaitoa kwa hiyo 118,000, msihesabu mara mbili.)

Kufuta 53,000 kunaongeza pengo, sasa ni 444,550. Akiba nayo imeshuka hadi 1,096,500. Kama tungevunja umoja leo na kugawana kwa usawa, kwa kila 100 uliyoweka ungepata karibu 63.

Julai

Saba Saba barabara za kuingia mjini zilifungwa na Kangemi ilikuwa moshi na mbio, hakuna duka letu liliguswa, mlinzi alikesha na vijana wawili wa boda. Mkutano sasa ni Agosti.

Jambo dogo linaniuma. Zile 402,300 zimekaa kwa akaunti ya kawaida ambayo hailipi kitu na inakata ada kila mwezi. Katikati ya 2024 hati za hazina za siku 91 (yaani unaikopesha serikali) zilikuwa zinalipa karibu 16 kwa mia kwa mwaka, na tangu 2023 mtu anaomba kwa mtandao wa Benki Kuu, ule wa DhowCSD, kuanzia 50,000. Saa hii zinalipa kama 8. Tumefika wakati sherehe imeisha. Hata hivyo 8 toa kodi ya zuio ya 15 kwa mia inabaki 6.8, kwa laki tatu ni kama 20,400 kwa mwaka, na serikali hairudi ushago na mkopo wetu. Nitaipeleka. Najua watu wataniambia kumi kwa mia kwa mwezi ni tamu kuliko hiyo, na mimi nitawaonyesha majina matano.

Agosti

Mkutano umefanyika, Jumapili alasiri, ukumbi wa kanisa, watu 33 kati ya 36. Nilibandika karatasi kubwa tatu ukutani, moja ya akiba, moja ya huduma, moja ya dharura, sikupeleka kompyuta. Mtu akiona fomula anadhani anadanganywa.

Swali lilikuwa moja, nani anabeba 444,550. Yalitoka mawazo matatu. La kwanza, kila mtu akatwe akiba kwa kiwango sawa. Mama wa saluni akakataa kabla mtu amalize, yeye amelipa huduma kila mwezi tangu 2016, kwa nini akatwe sawa na mtu aliyelindwa bure? Hakuna aliyemjibu kwa sababu jibu halipo. La pili, kila mtu aongeze 1,000 kwa mwezi kwa mwaka mmoja, inakuja 432,000, karibu inaziba. Hilo lilipendwa na wale wenye maduka makubwa na likachukiwa na mama mboga wote, na ni haki yao, kwa mwenye hardwea elfu moja ni misumari, kwa mama mboga ni stoki ya siku.

La tatu lilikuwa langu na katibu. Sitetimenti zinaonyesha nani hajalipa huduma tangu 2020. Tuache 2020 yote, ule mwaka hakuna wa kumlaumu mwingine. Kutoka 2021 hadi 2024 huduma ambayo haikulipwa ni 375,000, toa 64,000 za watu walioondoka, inabaki 311,000 ya watu walio ndani ya ukumbi. Kila mmoja akatwe kwa akiba yake kiasi alichokosa kulipa, basi. Pengo linashuka hadi 133,550, na hilo liachiwe riba ya mikopo, ambayo mwaka jana ilikuwa 46,000, kama miaka mitatu hivi, bila shilingi ya riba kugusa mlinzi tena.

Hapo kelele ikaanza. Baba mmoja wa simu akasema yeye alilipa mkononi na mzee hakuandika. Mzee alikuwa ameketi nyuma, akainuka polepole akasema, "Kijana yangu, ukinipa kiatu nikishone nikakusahaulia kiatu, utaniacha nilale?" Ukumbi ukacheka na baba wa simu naye akacheka, lakini nikaandika pingamizi lake, na la wengine wanne, tutaangalia jumbe zao za simu moja moja kabla ya kukata. Mwenyekiti jina lake lilikuwa kwa orodha, 9,500. Alisoma mwenyewe kwa sauti kabla nifike kwake, na nafikiri hapo ndipo kura ilishinda. 26 wakakubali, 5 wakakataa, 2 wakatoka nje kupokea simu.

Mengine yalipita haraka. Huduma inakuwa 600. Vibanda 11 ambavyo si wanachama lakini vinalindwa na mlinzi yule yule vitaombwa 300. Akaunti ya benki ni ya akiba na mikopo peke yake. Dharura ina laini yake. Huduma itakuwa na tilli yake, ile namba ya M-Pesa ya kulipia biashara, na hiyo ilitokana na malalamiko ya dada wa mboga: kutuma 500 anakatwa 7, kutuma 600 anakatwa 13. Ni kweli, 600 inavuka daraja. Kwa tilli anayelipa hakatwi kitu, umoja ndio unakatwa 0.55 kwa mia, kama shilingi tatu na kitu. Hati za hazina ziliahirishwa hadi Desemba, kama nilivyotarajia.

Oktoba

Pingamizi tano zimekwisha. Mbili zilikuwa za kweli, jumbe zipo, pesa zilitumwa kwa laini ya kibinafsi ya mzee mwezi ambao simu ya umoja ilikuwa imeharibika, na mzee alikuwa ameziandika kwa ukurasa wa mwisho wa kauntabuku, chini ya bei za ngozi. Zimerekebishwa, jumla 4,500, kwa hivyo makato ni 306,500 na pengo ni 138,050. Moja aliondoa mwenyewe. Mbili zimekatwa, mmoja wao hanisalimii.

Huduma ya Septemba, mwezi wa kwanza na tilli: watu 31 walilipa 600, ni 18,600. Vibanda vinane vilitoa 300, ni 2,400. Jumla 21,000, makato ya tilli kama 100 na kidogo, gharama 20,000. Ni mara ya kwanza safu ya huduma kubaki na kitu kuanzia 2020, mwaka ambao naanza kuamini namba zenyewe. Vile vibanda vitatu vilivyokataa, kimoja kinasema hakina kitu cha kuibiwa, na ukiangalia ndani unaona ni kweli.

Mlinzi amesikia kuna salio, sijui nani amemwambia, amekuja kuomba 1,500 zaidi kuanzia Novemba. Nimemjibu kupitia kwa kamati na nimebandika kwa mlango wa posho mili: Oktoba wakilipa watu 34 na vibanda vinane, tunabaki na kama 2,700 na nyongeza yake inatoka hapo. Wakilipa 31 tena, haitoki, na kwa akiba hatuendi. Majina ya watano wa Septemba ambao hawajalipa yako hapo chini kwa karatasi hiyo hiyo, na tangu jana mlinzi amekuwa akisimama karibu na hiyo karatasi kila mtu akija kusaga.